Kutoka Nakuru Hadi Majini: Safari ya Asiyetembea kwa Wepesi

Kila ifikapo likizo ya Desemba, jamaa wengi wa Nakuru, kuanzia mitaa ya Shabab na Langa Langa hadi Njoro na Bahati, hufanya shauri la kuteremka pwani, au walau kwenda kupunga upepo kandokando ya ziwa. Na katika shauri hilo mara nyingi hutokea jambo ambalo hakuna anayelikusudia kwa ubaya. Bibi mwenye baridi yabisi ya magoti, au kijana aliyepooza tangu ajali ya barabarani kule Salgaa, au mama aliyepatwa na polio utotoni na ambaye hutembea kwa magongo, huambiwa kwa upole kwamba safari ni ndefu, itamchosha, na ni heri abaki kulinda nyumba. Yeye naye, kwa kuwa ana haya na hapendi kuwa mzigo kwa watu, hukubali. Na mwaka hupita juu ya mwaka pasipo yeye kuona hata ukingo wa maji. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba safari ya majini, ambayo watu huidhania kuwa ngumu kupita zote kwa mwenye miguu dhaifu, kwa kweli ni miongoni mwa zilizo nyepesi, madhali mambo machache yameangaliwa mapema; na kwamba hayo yanayoifanya kuwa ngumu yamo katika uwezo wa wanadamu kuyaondoa.

Natuanze na tabia ya chombo chenyewe. Mlima Menengai humtaka mtu apande, na korongo la Hell's Gate humtaka ashuke na kukwea mawe. Lakini mtu akishaingia katika mashua, mwenye miguu mizima na asiye nayo huketi juu ya ubao mmoja, na wote wawili huchukuliwa kwa nguvu ya mtambo au ya tanga pasipo yeyote kati yao kupiga hatua. Dhiki yote ya safari ya majini imekusanyika pahali pamoja, napo ni pale nchi kavu inapokoma na chombo kinapoanza: hatua moja, pengine mbili, juu ya ubao unaotikisika. Aliyekwisha kuitatua hatua hiyo amekwisha kuitatua sehemu kubwa ya safari yake.

Tena hatua hiyo haikuwatatiza wenye ulemavu peke yao. Kabla Kilindini haijapata gati za maji marefu katika miaka ya 1920, meli zilizokuja Mombasa zilitia nanga mbali na ufuko, na abiria wakaletwa pwani kwa mashua. Na katika bandari nyingi za mwambao, maji yalipokuwa madogo, wakuu wa serikali, matajiri na mabibi zao walibebwa na hamali mabegani au vitini mpaka mchanga mkavu, wala hapakuwa na mtu aliyewahesabia jambo hilo kuwa aibu. Gati zilipojengwa kwa gharama kubwa, zilijengwa ili kuwaondolea watu hao wenye afya taabu ya kuvuka maji wasiyoweza kuyakanyaga. Gati, basi, ni msaada uliotengenezwa kwa ajili ya udhaifu wa viungo vya binadamu wote. Na anayeomba iongezewe mteremko wa kiti cha magurudumu na reli ya kushikilia hadai upendeleo mpya, anaomba tu kazi iliyokwisha kuanzwa ikamilishwe.

Kwa mkazi wa Nakuru ambaye hajapata kusafiri tangu alipoanza kutumia kiti au magongo, si lazima aanze na bahari. Karibu na mlango wake iko Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, iliyoanza mwaka 1961 kama makao ya ndege yaliyolindwa, ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na ambayo leo ina eneo la kilomita za mraba 188 hivi. Matembezi ya humo hufanywa kwa gari, lakini mna funzo linalofanana na la mashua, kwa sababu kanuni za hifadhi humkataza kila mgeni kushuka garini isipokuwa katika mahali palipowekwa. Kanuni hiyo ilitungwa kwa hofu ya nyati na simba, ila imeleta usawa ambao haukukusudiwa: mkimbiaji wa mbio ndefu na mwenye kiti cha magurudumu humtazama kifaru wakiwa wamekaa sawasawa, kila mmoja dirishani pake. Matembezi ya nusu siku humo ni jaribio jema, kwani humwonyesha msafiri ni saa ngapi mgongo wake unastahimili kukaa, ni mto gani autie chini ya mapaja ili ngozi isichubuke, na ni muda gani unapita kabla hajahitaji choo. Kwa kuwa maji ya ziwa yamepanda sana tangu mwaka 2010 hivi, yakameza lango kuu la zamani na baadhi ya barabara za kandoni, ni vema kuwauliza askari wa hifadhi asubuhi hiyo ni njia zipi zinazopitika, ili gari lisirudishwe nyuma mara kwa mara na kumchosha mtu bure.

Hatua ya pili ni Ziwa Naivasha, takriban kilomita 70 kutoka Nakuru kwa njia ya Nairobi, ziwa la maji matamu lililo juu ya mita 1,880 kutoka usawa wa bahari. Hapa ndipo jamaa wengi wa Bonde la Ufa hupandia mashua kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakaona viboko wakiibuka, mwari wakielea kwa makundi, na furukombe akiteremka kama mshale kunyakua samaki. Mashua za hapo aghalabu ni za faiba, ndefu na nyembamba, zenye mtambo mmoja nyuma na mabenchi ya watu wachache. Wapo wasiojua kwamba ziwa hili lilikuwa zamani kituo cha safari kubwa za dunia: mwishoni mwa miaka ya 1940 ndege za majini za shirika la BOAC, zikitoka Southampton kwenda Johannesburg, zilitua juu ya maji haya, na abiria wake, hata wakiwa watu wa hadhi ya namna gani, walisubiri kushushwa ndegeni na kuletwa ukingoni kwa mashua.

Taabu ya Naivasha ni kwamba ukingo wake hauna kikao. Ziwa hupanda na kushuka kwa kadiri ya miaka ya mvua na ya kiangazi, na katika kupanda kwake kulikoanza kuonekana sana mwaka 2020, maji yaliingia katika nyumba za watu wa Kihoto na kuzifunika gati za mbao zilizokuwa zikitumika miaka yote. Gati nyingine zimejengwa upya kwa haraka, zikawa nyembamba, hazina reli, na mbao zake zimeachana kiasi cha gurudumu dogo la mbele la kiti kunasa. Kwa hiyo anayepiga simu kuagiza mashua asiulize bei peke yake. Aulize gati ina upana gani, imeinuka au imelingana na ukingo wa mashua, kuna ngazi ngapi kutoka maegesho ya magari, na choo kiko umbali gani, tena mlango wake unapitisha kiti. Mwenye mashua aliye mwaminifu atajibu mara moja, au atakwenda kupima. Na anayesema tu kwamba mambo yote ni sawa bila kutazama, heri kumwacha na kumtafuta mwingine.

Ama mintarafu ya kupanda, mambo yenyewe ni machache nayo yana utaratibu. Safari ifanywe asubuhi, kwa sababu upepo wa Naivasha huzidi alasiri na mawimbi yakaanza kuipigapiga mashua ubavuni. Mashua iwekwe ubavu kwa ubavu na gati, ifungwe kamba mbele na nyuma, na mtambo uzimwe. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kufungwa nchi kavu, kabla ya hatua yoyote, na liwe la kipimo cha mwili wake. Asiyeweza kusimama kabisa ahamishwe kutoka kiti hadi ukingo wa gati, na kutoka hapo hadi benchi, kwa watu wawili walio tayari ndani ya mashua na mmoja nyuma yake. Kisha awekwe kwenye benchi lenye mahali pa kuegemea, karibu na katikati, ambako chombo hutikisika kidogo. Jambo moja lishikwe kama sharti lisilovunjwa: mtu asifungwe kwa mkanda katika kiti chake cha magurudumu ndani ya mashua ndogo, kwani chombo kikipinduka, jaketi humwelesha mtu lakini kiti cha chuma humvuta chini. Kiti na kikunjwe, kiwekwe sakafuni peke yake, au kiachwe gatini kikimngojea.

Mwenye kuzoea Naivasha anaweza baadaye kwenda Ziwa Baringo, kaskazini mwa Nakuru, ambako waongozaji wa Kampi ya Samaki huwapeleka wageni kutazama ndege na mamba. Huko nako maji yamepanda na kubadilisha fuko zote, na jua ni kali kuliko la nyanda za juu. Basi tahadhari ni zilezile, pamoja na kofia na maji ya kunywa. Asinyimwe maji mgonjwa kwa kuogopa shida ya choo, kama wafanyavyo baadhi ya watunzaji, kwa maana kiu ya mchana mzima humdhuru mtu aliyepooza kuliko usumbufu wa kusimamisha safari.

Sasa tuifikie bahari yenyewe. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi, na mwenye kiti hukutana na kizuizi chake cha kwanza stendi, mbele ya matatu yenye kipandio kirefu, ambapo makanga wengine hutoza nauli ya kiti kama mzigo na wengine hukataa kabisa kukipakia. Jamaa wanaosafiri wengi hupata nafuu wakilikodi gari zima, wakasimama watakapo. Kutoka Nairobi, treni ya Madaraka Express, iliyoanza kazi mwaka 2017 kati ya Syokimau na Miritini, ni bora kuliko basi la usiku kwa mtu wa namna hii: mwendo wake ni wa saa chache, mtu anaweza kubadilisha mkao, na choo kimo ndani ya behewa. Tiketi inunuliwe mapema, na wahudumu wa kituo waarifiwe kuhusu kiti kabla ya siku ya safari, kwa kuwa msaada ulioombwa mapema hutolewa kwa staha, na ule unaoombwa mlangoni hutolewa kwa kusukumana.

Mombasa kuna safari ya baharini ambayo anayevuka kwa miguu hailipii hata senti, nayo ni feri ya Likoni. Mteremko uliotengenezwa ili malori yashuke ndio huohuo unaopitisha kiti cha magurudumu, na mtu akitoka saa ambazo wafanyakazi hawasongamani, yaani baada ya asubuhi na kabla ya jioni, atavuka kwa utulivu akiziona meli zikiingia Kilindini. Lakini hapa mtu wa bara lazima ajifunze elimu ambayo mtu wa pwani huzaliwa nayo: maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo katika Mombasa huzidi mita 3. Mteremko uliokuwa mpole maji yalipojaa huwa mkali yakipwa, saa sita hivi baadaye. Asiyetembea kwa wepesi na achague siku za maji mafu, ambapo tofauti hiyo ni ndogo. Tena aulize saa ya kujaa kabla hajaulizia kitu kingine chochote.

Elimu hiyo ina faida kubwa zaidi Lamu. Msafiri wa nchi kavu hufika Mokowe, akapanda mashua hadi mji wa kale, na huko hupokewa na ngazi za mawe ambazo maji yakipwa huachwa wazi, zimelowa na zina ukoga. Maji yakijaa, mashua huinuka na ngazi zilizobaki huwa mbili tatu. Maji yakipwa, hata kijana mzima hushika ukuta. Mji wenyewe una vichochoro vyembamba visivyopita magari, na mwenye kiti hufaa kutafuta nyumba iliyo karibu na barabara ya ufukweni, akaulize kama chumba cha chini kipo, maana nyumba za Lamu hupanda kwenda juu. Ila fadhila moja watu wa jahazi wanayo: kumbeba mtu kwa heshima ni sehemu ya kazi yao ya kale, na hawalifanyi jambo hilo kuwa tamasha. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu. Kusi linapovuma katikati ya mwaka, mashua ndogo si mahali pa mtu asiyeweza kujishikilia.

Wapo pia Wakenya, hususan wale wenye watoto wao Ulaya na Marekani, wanaoalikwa kupanda meli kubwa za kitalii, zile zenye ghorofa nyingi na maelfu ya abiria, ambazo nyingine hufika mpaka Mombasa na Unguja majira ya kaskazi. Katika meli hizo mna vyumba vilivyotengenezwa kwa ajili ya wenye viti: mlango mpana, bafu lisilo na kizingiti, vyuma vya kushikilia, na nafasi ya kugeuka. Vyumba hivyo ni vichache na huchukuliwa miezi mingi kabla, hivyo anayengoja bei ishuke huvikosa. Na katika chumba cha kawaida, kiti chenye upana wa sentimita 65 huenda kisipite mlangoni kabisa. Kiti cha umeme ni lazima kitangazwe pamoja na aina ya betri yake, na usiku kilale chumbani, kwani kuacha kitu katika ujia wa meli ni kuzuia njia ya kuokokea. Jambo kubwa kuliko yote ni kuuliza katika kila bandari kama meli itafunga gatini au itatia nanga mbali. Maana ikitia nanga, abiria hushushwa kwa mashua ndogo, na manahodha wengi hukataa kumshusha mtu asiyeweza kupiga hatua kadhaa mwenyewe bahari ikichafuka. Aidha aulize, kabla meli haijang'oa nanga, nani atamfikia na kwa njia ipi siku ya hatari, kwa kuwa moto ukizuka lifti hazitumiki.

Heshima hizo hazikuja zenyewe. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya abiria wenye ulemavu dhidi ya Norwegian Cruise Line, kwamba meli zenye bendera za kigeni zikiwa katika maji ya nchi hiyo haziepuki sheria ya kuwalinda watu hao. Na Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni ya haki za abiria wa majini iliyoanza kutumika Desemba 2012. Uingereza ilitangulia kwa mfano ulio mzuri zaidi: mwaka 1986 ilianza safari merikebu ya matanga iitwayo Lord Nelson, iliyojengwa makusudi ili wenye viti vya magurudumu na wasioona wawe mabaharia wake pamoja na wengine, ikawa na lifti kati ya sitaha na dira itoayo sauti, na mwaka 2000 ikafuatwa na ya pili, Tenacious. Humo mtu hakuchukuliwa kama shehena. Alipewa zamu.

Kenya nayo haikosi sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilitambua haki ya mazingira yasiyo na vizuizi na kuwapa wenye magari ya abiria muda wa kuyarekebisha. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, imetaja haki ya kufikia mahali pote na vyombo vya usafiri kwa kiasi kinachofaa. Na mwaka 2025 sheria mpya ilichukua mahali pa ile ya zamani. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba shida ya kutembea ndiyo iliyowapata wengi zaidi kati ya wenye ulemavu nchini. Hata hivyo sheria haijawa ubao wala msumari, na mwenye kiti anayefika ukingoni mwa Naivasha hukuta matope yaleyale.

Dawa yake si ya gharama ya kutisha. Kwa ziwa lisilo na kikao, gati inayoelea juu ya mapipa au maboya, iliyounganishwa na nchi kavu kwa daraja lenye bawaba, hupanda na kushuka pamoja na maji, ikabaki imelingana na ukingo wa mashua wakati wote. Mombasa iliona mfano wake mkubwa katika daraja la kuelea la Liwatoni, lililozinduliwa Desemba 2020. Mbao zikaribiane, reli iwe pande zote mbili, upana utoshe kiti na msaidizi wake, na choo kimoja kiwe na mlango mpana. Faida yake itamfikia pia mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo, na mvuvi mwenye kreti ya samaki.

Yabaki maneno kwa jamaa wenyewe. Kumsaidia mtu kuna adabu yake: aulizwe yeye, wala asiulizwe aliye nyuma ya kiti, asishikwe kabla hajasema ashikwe wapi, na mwanamke alindiwe stara yake anapoinuliwa, kwa leso iliyofungwa vizuri na kwa kumchagua yeye mwenyewe watakaomwinua. Gharama za msaidizi zihesabiwe tangu mwanzo katika fedha za safari, kama inavyohesabiwa nauli, ili pasiwe na mtu wa kumsimanga njiani. Na kadi ya Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu ichukuliwe, na kila mahali jamaa waulize kama kuna msamaha au nafuu inayostahili.

Basi mwaka huu, shauri la likizo litakapofanywa, swali la kwanza lisiwe kama bibi ataweza. Liwe hili: gati ina upana gani, na maji yanajaa saa ngapi? Wamiliki wa mashua na serikali za kaunti za Nakuru na Baringo nao waulizwe swali hilohilo, kwa simu, kwa barua na katika baraza za wananchi, mpaka jibu lao liwe ni mbao zilizopigiliwa. Kwa maana wateja wapo, wamekaa majumbani mwao, na wana haki ya kuyaona maji yao.